Ukiambiwa Faili Halipo, Usiondoke

Wanangu, kustaafu kumenishinda. Nilipokabidhi funguo za masijala nilijiambia sasa nitakaa nyumbani, nitachambua maharage, nitafika kwenye kwaya ya akina mama kabla wimbo haujaanza. Wapi! Nikikaa kidogo miguu inaniwasha. Naamka, navaa, mume wangu ananiuliza naenda wapi, jibu la maana sina, kisha najikuta nimesimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kata nasoma karatasi ambazo hata aliyezibandika hakuzisoma. Kazi imeniacha, mimi sijaiacha.

Na ninyi ndio mnaonizidishia. Mnakwenda ofisini kuulizia ramani ya mtaa wenu, au kikao kilichoamua barabara ipite wapi, mnaambiwa faili halipo, mnasema asante, mnarudi. Asante ya nini? Halafu mnakaa kwenye chai mnailaumu serikali mpaka vikombe vinapoa. "Faili halipo" si jibu. Ni salamu tu, kama "karibu", na baada ya salamu mazungumzo ndiyo yanaanza.

Kwa asiyejua, masijala ni kile chumba cha mwisho kwenye korido, mara nyingi jirani na choo, ambako karatasi zote za ofisi huingia na chache hutoka. Nimekaa humo tangu nikiwa binti, zikiwepo taipu na karatasi za kaboni, nikavuka kompyuta, nikafika mpaka hizi siku za "mtandao unasumbua". Aliyenipokea alikuwa Mzee Anyosisye, mtu mwembamba aliyevaa sweta jekundu hata jua likiwaka. Wiki yangu ya kwanza nilifungua faili nikaliandika juu "Mambo Mbalimbali", nikalijaza kila barua niliyoshindwa kuielewa. Nilijiona nimefanya kazi. Mzee akalipima uzito mkononi, akaniangalia kwa huruma.

"Binti, umechimba kaburi," akasema. "Kinachoingia humu hakitoki mpaka parapanda ilie."

Basi tulikaa mchana kutwa tukifukua. Mzee huyohuyo ndiye aliyenifundisha kwamba faili lina miguu. Kila likitoka masijala huandikwa kwenye kitabu cha mzunguko: limechukuliwa na nani, lini, kwa kazi gani. Kwa hiyo ukiambiwa halipo, usibishane. Uliza kwa upole, "Mara ya mwisho lilichukuliwa na nani?" Utaona mtu anajikuna kichwa. Ofisi moja, siitaji, walitafuta faili la mipaka ya shule msimu mzima wa mvua. Barua zilienda, barua zilirudi, mwalimu mkuu akachoka. Lilikuwa kwenye kiti cha katibu muhtasi, chini ya mto. Dada wa watu alikuwa mfupi na meza ilikuwa ndefu, naye alihitaji kuinuka kidogo ili aifikie taipu. Faili halipotei, wanangu. Linakaliwa.

Jambo la pili, jueni mnachotaka kabla hamjafungua mdomo. Kuna bwana mmoja alitujia kutoka Saza akiwa na buti za machimboni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akagonga kaunta na kusema anataka mafaili yote ya Saza. Yote. Mzee Anyosisye hakugomba. Akamvutia kiti, akaanza kumletea mafungu yaliyofungwa kamba, moja baada ya jingine, mpaka uso wa yule bwana ukawa hauonekani. "Anza," akamwambia. Yule bwana alisoma kidogo kuhusu josho la ng'ombe, akatoka nje kuvuta pumzi. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka: anataka muhtasari wa kikao kilichojadili njia ya kupitia kwenda kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na anadhani ilikuwa mwaka ule mvua zilipobomoa daraja. Aliupata kabla birika la chai halijachemka. Taja kitu, taja kikao, taja mwaka, na kama mwaka huujui taja jambo ambalo kila mtu analikumbuka.

Sasa nije kwenye lililonitoa nyumbani.

Jirani yangu hapa Chapwa ni Mama Upendo. Jina lake la kitambulisho ni Rehema, ila ukimwita hivyo hageuki. Anakaanga maandazi na kuwauzia madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na nyuma ya nyumba yake ana shamba la mahindi ambalo limemlisha tangu ujana. Mumewe alifariki zamani. Upande wa mume ni watu wa Nakonde, ng'ambo hapo, na kama mjuavyo huku kwetu mpaka ni wa serikali, undugu unavuka bila kuonyesha hati ya kusafiria.

Siku moja akaja Kenani, mtoto wa mdogo wa marehemu mumewe. Kijana mstaarabu, mfanyabiashara wa mahindi. Akapiga magoti kumwamkia, akala maandazi, kisha akasema, "Mama mkubwa, lile shamba la baba mkubwa ni la ukoo. Sisi tumeona tuweke maegesho ya malori. Wewe hatukutupi, tutakujengea chumba hapohapo pembeni."

Laiti angetukana. Mtu akikutukana unapata pa kuanzia. Huyu aliongea kwa heshima, na alikuwa anaamini anachosema. Mama Upendo alimjibu kwamba shamba halikuwa la mume. Mume alipokufa, wakwe walichukua cha kwao kule ng'ambo, yeye akabaki hapa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, ndipo mkutano mkuu wa kijiji, maana Chapwa enzi hizo ilikuwa kijiji, ukamgawia kipande hicho yeye mwenyewe. "Nilisimama mbele ya watu, wakanyoosha mikono," alisema. Kenani akasema kwao wanajua vingine. Shauri likapelekwa baraza la kata lisuluhishe, na mwenyekiti wa baraza akamwambia Mama Upendo maneno ambayo ni ya haki kabisa: lete muhtasari wa huo mkutano. Asipouleta na suluhu ikishindikana, shauri lipande juu, kwenye mawakili na nauli na kalenda zisizokwisha. Mama Upendo magoti yamekwisha. Alijua, na mimi nilijua, kwamba likipanda juu yeye hatapanda nalo.

Akaenda ofisi ya mji, akakuta kijana kaunta. Faili halipo. Akasema asante, akarudi kukaanga maandazi huku machozi yanamtoka, akisingizia moshi.

Nilipojua nilikasirika mpaka nikashindwa kula. "Kwa nini hukuniambia?" Akasema aliona nimestaafu, hakutaka kunisumbua. Kunisumbua! Mimi niliyekuwa nasoma matangazo ya minada ya mbuzi kwa kukosa la kufanya.

Kwanza nilimweleza kwamba yule kijana wa ofisi ya mji hakumdanganya. Chapwa haijasogea hata kidogo, lakini imebadilisha wazazi. Kabla mji haujawa na ofisi zake tulikuwa chini ya Vwawa, na baadaye wilaya zikagawanyika tena, mkoa nao ukazaliwa kutoka Mbeya. Ofisi zikigawana majalada hugawana kama ndugu wanavyogawana ng'ombe: wale wa maziwa wanaondoka na mtoto, wazee wanabaki zizini kwa mama. Karatasi za mambo yaliyokwisha hazipakiwi kwenye gari. Kwa hiyo usiulize ofisi iliyo karibu nawe. Jiulize mwaka ule mlikuwa chini ya nani, kisha nenda huko.

Kabla ya safari nilijaribu njia ya mkato. Zamani muhtasari wa kijiji ulibaki na nakala nyumbani kwa mwenyekiti, kwa kuwa ofisi zenyewe hazikuwa na mlango. Pale Isansa nimewahi kukuta karatasi za miaka na miaka zimefungwa kwenye gunia la kahawa, zimening'inizwa darini juu ya jiko. Moshi ulifukuza mchwa na mende, na karatasi zilikuwa nzima, zinanuka maharage tu. Nikatafuta nyumba ya mwenyekiti wetu wa zamani. Nikakuta gesti ya ghorofa, na binti wa mapokezi akaniuliza nalala au napumzika. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetukanwa bila kutukanwa.

Kesho yake tukaenda Vwawa, mimi na Mama Upendo, tukiwa na barua. Hapa nisikilizeni vizuri. Barua iwe fupi. Jina lako, unapoishi, unachoomba, mkutano gani, mwaka gani hivi, sababu. Toa kopi steshenari, zote mbili zigongwe mhuri wa kupokelewa, moja wanabaki nayo, moja unaondoka nayo. Ukiomba kwa mdomo, umeomba upepo. Ukiwa na mhuri na tarehe, siku zimeanza kuhesabika, na anayepokea anajua hivyo, kwa kuwa sheria inampa muda wa kukujibu, ama kwa kukupa ama kwa kukueleza kwa maandishi kwa nini hakupi.

Masijala nilimkuta binti anaitwa Faraja, kucha ndefu, adabu nyingi.

"Shikamoo mama. Hayo ya zamani yako stoo, na mwenye stoo yuko semina."

"Marahaba mwanangu. Funguo nazo ziko semina?"

Akacheka. Akasema niache barua, nitapigiwa simu. Ningekuwa mtu mwingine ningeondoka, lakini baraza lilikuwa Jumanne. Nikamwambia nitasubiri. Kusubiri kwangu si kwa kukaa. Nikaanza kutembea korido, kutoka choo hadi kwa mhasibu, kutoka kwa mhasibu hadi choo, na kila nikipita mlangoni kwake nakohoa. Mwishowe akatoka. "Mama, unanitia wasiwasi. Twende stoo basi."

Nilipofungua ule mlango nikasikia harufu ya karatasi za zamani, nikataka kulia kwa furaha, siwafichi. Rafu zilikuwa kama zilezile nilizokulia. Faraja alitaka kuanza juu kushuka chini, nikamwambia aache, twende kwenye vijiji, kisha mikutano mikuu, kisha miaka. Chapwa ilikuwepo, fungu zima. Tukapekua. Nilitafuta Rehema, hakuna. Nikatafuta Mama Upendo, hakuna. Nikarudia tena kwa kidole, mstari kwa mstari. Kulikuwa na mgao wa mashamba, majina ya watu kibao, wajane, vijana waliooa, ila yeye hayumo. Nikajiuliza kama jirani yangu amekumbuka vibaya, au amejidanganya miaka yote hii.

Ndipo nikatambua, kwa maandishi yake, karani wa kijiji alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa mtu wa vitambulisho. Aliandika watu kama wanavyoitwa kisimani, na huku kwetu ukizaa mtoto wa kwanza jina lako linawekwa kabatini, unaitwa kwa mtoto. Mwaka ule Upendo alikuwa bado tumboni.

Nikatoka. Mama Upendo alikuwa kwenye benchi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Kabla ya Upendo," nikamuuliza, "walikuitaje?"

Akatazama nje kwenye miti. Nikadhani hakusikia, nikarudia, nikiwa na haraka zangu. Laiti ningesubiri kidogo.

"Gideoni," akasema. "Mama Gideoni."

Nimeishi naye ukuta kwa ukuta, tumezika pamoja, tumeozesha pamoja, na jina hilo sikuwahi kulisikia. Sikuuliza zaidi. Nilirudi stoo, na pale nilipokuwa nimepitisha kidole nikalikuta: mkutano umemgawia Mama Gideoni, mjane, shamba kuanzia mfereji hadi njia ya mashine ya kusaga. Faraja akatoa nakala, bosi wake akaithibitisha kwa mhuri na sahihi. Njiani kurudi Mama Upendo aliishika ile karatasi mapajani hakuikunja. Mimi niliongea njia nzima.

Jumanne ikafika. Baraza lilikaa kwenye chumba cha ofisi ya kata, madirisha wazi, honi za malori zinaingia. Kenani alikuja na shangazi yake, Bi Enala, dada wa marehemu, mama mtu mzima aliyeletwa kutoka Nakonde kuusemea ukoo. Mwenyekiti akausoma muhtasari kwa sauti. Mimi nimejaa tele kwenye kiti changu, nangoja mambo yaishe.

Kenani akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naheshimu karatasi. Lakini huyu Mama Gideoni ni nani? Huyu hapa ni Mama Upendo. Kitambulisho kinasema Rehema. Mimi tangu nimezaliwa sijasikia mtu anaitwa Gideoni kwetu."

Swali zuri. Ningekuwa upande wake ningeuliza hilohilo. Wajumbe wakatazamana, wote ni wa juzijuzi, hakuna aliyekuwepo. Mwenyekiti akamgeukia Mama Upendo amjibu, naye akaanza kufungua na kufunga mkoba wake. Nikainuka kusema. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, wewe si shahidi, kaa." Na kweli sikuwa shahidi. Nilihamia Chapwa baadaye. Mihuri yote niliyoigonga maishani haikuweza kumsaidia mama yule wakati ule, na nilikaa huku mguu unanicheza chini ya meza.

Bi Enala alikuwa ameinamisha kichwa. Akainuka polepole, akishika bega la Kenani kama mkongojo.

"Mulamu, tulia," akamwambia Mama Upendo, na huko ng'ambo ndivyo wanavyomwita wifi. Kisha akaligeukia baraza. "Gideoni alikuwa mtoto wa kaka yangu. Alichukuliwa na surua, baba yake akiwa ameshatangulia. Mimi ndiye niliyemwogesha. Tulipotoka kuzika, huyu alikuwa kila akiitwa Mama Gideoni anaanguka. Nikawaambia wanawake wa hapa, jina hilo tuliache, mwiteni kwa huyu wa tumboni. Jina la Upendo nililitoa mimi, kabla hajazaliwa." Akamwangalia Kenani. "Hukulisikia kwa sababu tulinyamaza. Hatukumkataa mtoto. Tulikuwa tunamhurumia mama yake."

"Shangazi, sikujua," Kenani akasema. Halafu akapiga magoti mbele ya Mama Upendo, siyo yale magoti ya maandazi, na akasema shamba ni lake na yeye hatalisema tena. Ikaandikwa, wakaweka sahihi wote wawili.

Mimi nilidhani yamekwisha. Katibu wa baraza akanyoosha mkono kuchukua ile nakala aiweke kwenye jalada la shauri. Mama Upendo akaivuta.

"Hii siitoi."

Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba suluhu bila kielelezo haina mguu. Shamba ni lake sasa, karatasi ya nini?

"Shamba chukueni mkitaka," alisema, na sauti yake ilitutisha sote. "Mwanangu hakupata cheti cha kuzaliwa. Cha kifo hakupata. Picha hakupigwa. Sijawahi kumwona ameandikwa mahali popote, ila hapa."

Nilimwendea, nikamwahidi kwamba kesho atakuwa na yake, yenye mhuri, ya kukaa nayo mpaka mwisho. Akaniachia ile nakala kwa shida, kidole baada ya kidole.

Asubuhi nilikuwa Vwawa kabla ofisi haijafunguliwa. Faraja aliponiona alidhani nimesahau mwavuli. Nikamwambia nataka nakala nyingine ya ukurasa uleule.

"Sawa mama, ila andika barua upya. Na uweke sababu ya maombi, ile ya shamba si imeshafanya kazi?"

Miaka yote nimewafundisha watu kuandika sababu: mirathi, mpaka, mgogoro wa ardhi. Nilisimama pale kaunta na kalamu, hakuna hata moja iliyofaa. Mwishowe nikaandika, "Mwombaji ni mama yake Gideoni." Faraja akaisoma, akagonga mhuri wa kupokelewa, kisha akachukua funguo na kutangulia stoo bila kuniambia nisubiri.